Mafuta Niliyoyasingizia

Siku mliyoniaga mlinipa vitenge viwili, saa ya ukutani na dumu la lita ishirini la mafuta ya kula. Vitenge nimeshashona, na saa inatembea vizuri. Lile dumu ndilo linaloninyima raha. Kuna mmoja wenu aliyelipendekeza, akakaa kwenye kikao na uso mkavu kama shahidi mahakamani, huku akijua anamzawadia mafuta mtu aliyekula mshahara kwa kuyapigia kelele. Nimechunguza, nimeshindwa kumpata. Basi nalipiza kisasi kwa kuandika, na nyote mtasoma, kwa sababu nimeomba karatasi hizi zibandikwe ukutani karibu na birika la chai, mahali ambapo hakuna mtumishi asiyefika.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilipopandishwa na niliposahauliwa yote yamo kwenye faili, na faili lenyewe liligugunwa na panya wa masjala, ambao nao bila shaka wanahitaji lishe. Nitaandika kazi.

Niliripoti Tukuyu asubuhi ya ukungu, ule wa kwetu ambao mtu anakusalimia kabla hujamwona. Mimi ni mzaliwa wa Masukulu, ukungu haukunitisha. Ofisi ndiyo ilinitisha. Ilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa jengo la zamani, chenye meza, kiti, mizani ya kuning'iniza watoto yenye ndoano kama ya buchani, na kibao kipya mlangoni: AFISA LISHE. Nilikipenda sana kibao kile. Nilikifuta vumbi mara mbili, nikaketi wima kumngoja mtu wangu wa kwanza.

Aliingia dereva wa lori la majani ya chai. Akavua kofia, akaketi.

"Chai ya maziwa na chapati mbili," akasema. "Na maharage weka kidogo."

"Kaka, hapa ni ofisi ya lishe."

"Ndiyo, nimesoma mlangoni. Mama lishe, si ndiyo? Kama chapati zimekwisha, hata maandazi sawa."

Nikamweleza tofauti ya afisa lishe na mama lishe kwa dakika kumi nzima, kwa maneno yote niliyotoka nayo chuoni. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo wewe unafundisha watu kula, ila chakula chenyewe huna?"

Nilimwelekeza kwenye kibanda cha chakula nilichokiona upande wa Ibighi. Wiki ile walikuja wengine wanne, nikawaelekeza hukohuko. Ijumaa akaja mwenye kibanda mwenyewe, mwanamke mnene kidogo, kanga kiunoni, mtandio kichwani.

"Ni wewe unayeniletea wateja?"

"Samahani, dada. Walikuwa wanapotea."

"Samahani ya nini? Waache waendelee kupotea."

Akaniwekea mezani sambusa nne zilizofungwa kwenye gazeti. Gazeti lilikuwa limelowa mafuta hadi ungeweza kusoma habari za ukurasa wa pili bila kugeuza. Nilizila zote nne. Kisha nikafungua daftari langu jipya na kuandika sentensi ya kwanza ya maisha yangu ya kazi: "Mafuta mengi. Kushughulikia."

Huyo ndiye Bi Zuhura. Babu yake alifika Tukuyu kutoka pwani na biashara ya vitambaa, na kwa maelezo ya Bi Zuhura alionja ndizi za Rungwe akasahau njia ya kurudi. Alikuwa amenizidi miaka kumi hivi. Aliniita mdogo wangu tangu siku ile. Yale ambayo nyinyi mnadhani nilifundishwa chuoni, mengi nilifundishwa naye, na kwa gharama ambayo nitaieleza.

Enzi zile somo la mafuta lilikuwa fupi: yanaziba mishipa, yapunguzeni. Mimi nilikuwa kijana, nikalifupisha zaidi. Nilikuwa na bango la makundi ya vyakula: mahindi, maharage, samaki, mboga, matunda, na juu kabisa tone moja dogo la njano. Kwenye mkutano wangu wa kwanza bibi mmoja aliinua mkono.

"Hilo tone hapo juu ni mvua? Maana mvua sisi tunayo."

Watu wakacheka. Nikawaambia ni mafuta, na yamechorwa madogo makusudi. "Ingekuwa mimi ndiye mchoraji," nikaongeza, "nisingeyachora kabisa." Nilijiona nimesema neno la hekima. Yuko mtu aliyeliandika moyoni, nami sikujua.

Maneno peke yake yalinichosha haraka, nikabuni mchezo. Nilikwenda jikoni kwa Bi Zuhura kuomba supu ya ng'ombe yenye mafuta, ikiwa bado inatoa moshi, nikaimimina kwenye bakuli la bati lililokuwa limelala nje. Kwa baridi ya kwetu ya Julai huhitaji jokofu. Nilipokuwa naeleza habari za moyo, utando mweupe ulianza kutanda juu ya supu. Nilipofika kwenye mishipa, ulikuwa umekuwa mgumu. Nikachukua kijiko nikaugonga: ko, ko, ko.

"Hiyo," nikasema, "ndiyo mishipa yenu."

Akina mama walishika vifua. Mzee mmoja alijipapasa shingo. Nikajua nimepata mchezo, na mchezo ukazunguka wilaya nzima kabla yangu. Nikifika kijijini wananiuliza kwanza, "Bakuli umekuja nalo?"

Bi Zuhura aliutazama mara moja tu, pale Ibighi. Watu walipotawanyika akanisogelea.

"Mdogo wangu, nina swali la kijinga. Ndani ya mtu aliye hai kuna baridi kama hii?"

"Hapana. Kuna joto."

"Sasa supu yako inagandaje humo?"

"Ule ni mfano tu, Bi Zuhura."

"Haya. Angalia mfano wako usije ukamuua mtu kabla ya mafuta."

Alisema kweli. Madhara ya mafuta mabaya huja polepole, lehemu, yaani kolesteroli, ikijijenga kwenye kuta za mishipa mwaka baada ya mwaka. Hakuna ugandaji wa bakuli mwilini. Nilijua hivyo, nilifaulu mtihani wake. Lakini jamani, ile ko ko ko ilikuwa tamu.

Badala ya kujirekebisha, nikaamua kumrekebisha yeye. Karai la Bi Zuhura lilikuwa na historia ndefu. Mafuta yake hayakumwagwa. Yalipopungua aliongeza mengine juu, hivi kwamba andazi la Alhamisi lilikaangwa pamoja na kumbukumbu za Jumatatu. Mafuta yakichemshwa tena na tena huharibika, yakawa meusi na yenye sumu ndani yake. Hilo lilikuwa kweli tupu, nami ningeweza kumwambia kwa sentensi mbili nikiwa nimekaa kwenye benchi lake. Sikufanya hivyo. Nilimwomba nijaze chupa moja "kwa ajili ya sampuli," nikaiweka mezani kwangu kando ya chupa ya mafuta mapya, na katikati nikabandika karatasi: YAPI YAENDE TUMBONI?

Siku mbili watu walipita wakicheka. Dereva mmoja alidhani ile nyeusi imetoka kwenye gia boksi. Mwenzake akafungua kifuniko, akanusa, akatulia kama mtu anayekumbuka wimbo.

"Hii harufu naijua," akasema. "Huyu ni Bi Zuhura."

Saa sita mchana Ibighi yote ilikuwa na habari. Saa saba alikuja mwenyewe. Nilijiandaa kwa matusi, nikawa hata nimepanga majibu. Hakutukana. Alichukua chupa yake, akaifuta kwa pindo la kanga, akanitazama.

"Ungeniambia mimi," akasema. Akatoka.

Tangu hapo salamu zilikatika. Nikipita njia moja naye anavuka ng'ambo. Nilijiambia kwamba afya ya umma ina maadui wake, na kwamba ukweli unauma. Mtu akiwa na makosa hakosi methali.

Wiki chache baadaye nilikuwa Lufingo kwenye kliniki ya mkoba, ile tunayopeleka vijijini. Tulipima watoto kwenye baraza la kanisa, mizani imening'inizwa kwenye boriti. Alikuja mama kijana, Atupele, na binti yake Neema wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Nilimkumbuka Atupele mara moja. Kwenye mikutano yangu alikaa mbele daima, na nilipouliza swali alijibu yeye kabla ya wengine kulielewa. Kila mwalimu ana mwanafunzi wa namna hiyo, na kila mwalimu humpenda kuliko inavyofaa.

Nilimvalisha Neema ile suruali ya mizani, nikamtundika. Hakulia. Mtoto asiyelia kwenye mizani ile hunitia wasiwasi, maana mwenye nguvu zake huitukana kwa sauti yote. Nikasoma, nikadhani mizani imekwama. Nikampima tena. Nikafungua kadi yake: mstari ulipanda vizuri, ukalala kwa miezi miwili, kisha ukaanza kushuka. Nikamfunga utepe wa kupimia mkono. Ukasoma njano, na nyekundu haikuwa mbali.

"Ameugua?" nikauliza.

"Hapana, sista."

"Anaharisha? Anatapika?"

"Hapana."

"Unampa chakula gani?"

Uso wake uling'aa. "Kama ulivyotufundisha. Uji, viazi, mboga ya kuchemsha. Mafuta hata tone, sista. Tangu siku ile ya bakuli mwanangu hajayaonja. Karanga nimeacha, parachichi nimeacha. Hata maziwa natoa utando wote wa juu kwanza."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kalamu ilinianguka, na mama aliyefuata kwenye foleni akaniokotea.

Kazi ilipokwisha nilimwomba anipeleke kwake. Ilikuwa nyumba safi kati ya migomba, na nje kidogo mti wa mparachichi umeinamia paa kwa uzito wa matunda. Ndani nilikuta sufuria ya uji mweupe, mwepesi kama maji ya kuoshea mchele. Kando ya jiko alilala paka. Enyi wadogo zangu, sijawahi kuona paka aliyenona vile. Aliinua kichwa kwa shida, akanitazama kama mwenyekiti wa kijiji.

"Utando wa maziwa unaupeleka wapi?" nikauliza, ingawa jibu lilikuwa limelala mbele yangu.

"Nampa huyo," Atupele akasema. "Nikaona si vizuri kutupa."

Pembeni, kwenye kigoda, alikaa mama mkwe wake, Bibi Sekela. Tulikuwa tumesalimiana kwa Kinyakyusa, ugonile na ndaga, kisha akanyamaza. Sasa akaanza kujikuna mkono, akajikohoza.

"Sista," akasema, "mimi nilikuwa naiba."

Atupele akageuka. "Unaiba nini, mama?"

"Ukienda kwenye viazi, nachuma palachichi moja. Nalificha hapa." Akagusa pindo la kanga yake. "Nampa mtoto kwa kijiko. Ganda nalifukia nyuma ya choo. Siku unakaa nyumbani, mtoto anakosa. Wiki hizi umekaa sana nyumbani."

Atupele alimtazama mama mkwe wake, kisha akanitazama mimi, akingoja nimhukumu mwizi. Nikawaza kwamba ningeweza kutoka humo salama. Ningesema kila mtoto ana mwili wake, ningempa karatasi ya ratiba ya chakula, ningewasha pikipiki. Hakuna ambaye angejua.

"Bibi ndiye amemshikilia mtoto huyu hadi leo," nikasema. "Nilikufundisha vibaya, Atupele. Mtoto wa umri wake anahitaji mafuta. Tumbo lake dogo, haliwezi kubeba uji mwingi, kwa hiyo uji wenyewe lazima uwe na nguvu. Na ubongo wake unajengwa sasa hivi, kwa mafuta hayohayo niliyoyatukana. Karanga, parachichi, maziwa na utando wake, vyote ni haki yake. Kosa ni langu."

Hakulia, wala hakunipigia kelele. Alimchukua Neema mapajani akamfunika vizuri.

"Nilikuamini wewe kuliko mama huyu," akasema.

Nimewahi kuandikiwa barua za onyo mbili. Hazikuuma hata robo ya hapo.

Nilirudi Tukuyu nikipigwa na mvua njia nzima, nikasimamisha pikipiki mbele ya kibanda cha Bi Zuhura. Wateja walikuwa wachache. Alikuwa akikanda unga, hakuinua macho. Nikamwambia yote, kuanzia bakuli hadi paka, nimesimama huku maji yananitiririka kwenye sakafu yake. Nilipofika kwa paka niliona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na hasira yake yote ikimwagika humo.

"Paka!" akasema. "Umefundisha wilaya nzima, aliyefaidika paka!"

"Nisamehe, Bi Zuhura. Na ile chupa pia. Ningekuambia wewe."

Akaniashiria nitazame karai. Mafuta yalikuwa ya njano, safi, unaona hadi chini.

"Nilibadili siku ileile," akasema. "Jioni yake. Na sasa nabadili mapema, na yakianza kutoa moshi napunguza moto. Ila nilikuwa na hasira, nikaapa hutalijua hilo hadi nife. Kaa, ule. Unataka nini kwangu?"

Nilitaka upishi wake. Alikubali kwa sharti moja: kwamba nitaanza kuongea mimi, na neno la kwanza litakuwa "nilikosea," si "utafiti unaonyesha."

Tulikwenda Lufingo Jumamosi iliyofuata, yeye nyuma ya pikipiki amekumbatia sufuria mbili na kunilaumu kwa kila shimo. Watu walijaa, wamesikia bakuli linarudi. Nikasimama nikasema nilikosea. Mzee mmoja kule nyuma akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo mishipa yangu haijaganda? Mimi nyama nimeacha tangu Julai!" Mke wake akamwambia anyamaze, nyama ameacha kwa sababu haipo. Kicheko kilichofuata kilinipa pumzi.

Bi Zuhura alipika majani ya maboga kwenye sufuria mbili: moja kwa maji matupu, nyingine kwa kitunguu, nyanya na vijiko vya mafuta alivyovihesabu kwa sauti ili kila mtu asikie. Watu wakaonja zote. Ya pili iliisha kabla sijafungua mdomo. Nikawaeleza kwamba si utamu tu. Baadhi ya vitamini zilizomo kwenye mboga na karoti haziwezi kuingia mwilini peke yake, zinahitaji mafuta kidogo ya kuzibeba. Mboga bila mafuta ni mgeni aliyefika mlangoni hakufunguliwa.

Kisha, kwa wazo la Bi Zuhura, tukatoa mabakuli mawili. La kwanza tulitia mafuta yaliyoyeyushwa ya nyama, la pili mafuta ya alizeti. Tukayaweka nje kwenye ubaridi huku tunapiga soga. La kwanza likaganda, la pili likabaki majimaji.

"Sasa hapa ndipo baridi inasema kweli," Bi Zuhura akawaambia. "Haiwaonyeshi mishipa. Inawaonyesha aina."

Nikamalizia: yanayoganda, kama ya nyama nono, siagi na samli, mtu mzima ayale kwa kiasi kidogo. Yanayobaki majimaji, kama ya alizeti na karanga, na yale ya kwenye parachichi na samaki, ni rafiki zaidi wa moyo. Na rafiki naye hakai mezani siku nzima. Hata mazuri yana kipimo. Yale yaliyogandishwa kiwandani kwa makusudi, wakiweza wayaache kabisa.

Mwishoni Bibi Sekela akasimama bila kuitwa. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa parachichi lililoiva, akalipasua mbele ya mkutano na kumlisha mjukuu wake huku anatutazama sote, mmoja mmoja. Atupele ndiye aliyemshikia bakuli.

Msidhani mambo yalinyooka hapohapo. Nilikwenda kila wiki. Wiki ya kwanza uzito haukusogea. Wiki ya pili Neema aliharisha, ukashuka kidogo, na utepe ukagusa pale nisipotaka uguse. Tukampeleka wodini akakaa siku tano. Siku hizo Atupele aliniitikia salamu kwa heshima zote, kama mtu anavyomwitikia mgeni. Wiki ya nne nilimtundika kwenye mizani, na kabla sijasoma namba, Neema alikunja uso, akavuta pumzi na kunipigia yowe lililosikika hadi barabarani. Mshale ulikuwa umepanda. Niliwaambia hivyo, lakini kwa kweli yowe lilikuwa limeshaniambia. Atupele akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Baada ya miezi mitatu utepe ulisoma kijani. Paka naye, niliarifiwa, alikuwa ameanza kukamata panya.

Kuanzia hapo sikufundisha tena kitu ambacho sikwenda nyumbani kwa mtu kukiona kimegeuka nini. Mnanicheka kwamba nilikuwa nafungua sufuria za watu bila kukaribishwa. Ndiyo, nilifungua. Bango linasema unachotaka wale. Sufuria inasema walichokusikia ukisema.

Mwalimu Ambakisye, kwa mfano. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Ibighi, jirani yangu, aliyepata kiharusi chepesi akaambiwa apunguze mafuta. Mtu msomi, hakumwamini mtu yeyote ambaye hakuandika. Nilimkuta anakula ndizi zinazoogelea.

"Mwalimu, haya mafuta yote?"

Akaniletea dumu, akaweka miwani. "Soma mwenyewe. HAINA LEHEMU. Imepigwa chapa."

"Hata sabuni ya kipande haina lehemu, Mwalimu. Utaila?"

Akafikiri. Nikamweleza kwamba mafuta ya mimea yote hayana lehemu tangu kuumbwa kwake, ni kama kuandika kwenye gunia la mahindi kwamba halina mifupa. Mafuta ni mafuta, na yakizidi yanakuwa mzigo. Kisha nikamwuliza kama asubuhi huwa yanaganda dumuni. Mke wake akajibu kutoka jikoni: "Mpaka nayachota kwa kisu!" Yalikuwa ya mawese. Mwalimu aliumia sana, hasa kwa sababu alikuwa amesahihisha maandishi ya watu maisha yake yote na safari hii maandishi yamemsahihisha yeye. Tangu siku ile akawa anazunguka madukani na miwani yake akisoma kila dumu kwa sauti na kuwahoji wauzaji, hadi wakaja kwangu kuniomba nimruhusu ale anachotaka.

Mengine mnayajua, mlikuwepo. Nitaje moja tu ambalo hamlijui.

Mwezi wangu wa mwisho kazini tulipimwa afya, watumishi wote. Aliyenisomea majibu ni Subira, yule afisa lishe mpya aliyekuja mwaka huu. Aliangalia karatasi, akaangalia mlango kama umefungwa, akaangalia karatasi tena.

"Mama," akasema polepole, "lehemu yako imepanda."

"Mashine hizo," nikasema.

"Nimerudia mara mbili. Mama unakula nini kwa kawaida?"

Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema, "Mboga za majani. Samaki. Chapati moja tu, mara chache." Maneno yaleyale niliyoambiwa na maelfu ya watu, hata kile kituo kidogo kabla ya "mara chache." Kumbe ndivyo inavyokuwa. Huwa hawatudanganyi kwa ubaya. Wanataka tu tuwaone kama watu wenye akili.

Subira alikuwa na haki ya kunitolea bango. Angeweza kunikumbusha mimi ni nani. Badala yake aliweka kalamu chini, akasogeza kiti upande wangu wa meza.

"Sawa, Mama," akasema. "Sasa niambie unachokipenda."

Nami nikauangalia mlango. Kisha nikamwambia kweli, nikiwa na miaka sitini, mzee wa idara, nikinong'ona kama mtoto aliyefumaniwa: ngozi ya kuku wa kukaanga. Naitoa kwenye vipande vya wajukuu wangu kwa madai kwamba si nzuri kwa afya zao, kisha naila peke yangu nyuma ya nyumba.

Hakucheka. Aliandika kitu, akanigeuzia karatasi nisome. Aliandika: "Ngozi ya kuku. Lini?"

Tukazungumza bei kama watu wawili sokoni. Nilianza na mara tatu kwa wiki. Tukaafikiana mara moja, Jumapili, tena mezani, mbele ya wajukuu.